Musandam Si Norwei, Ni Hori

"Kule kuna mawe na mbuzi tu, mwanangu. Wafuata nini?"

Shangazi yangu aliniuliza hivyo pale Muscat, akinimiminia chai ya maziwa kwa mara ya tatu bila kuulizwa. Ameishi Oman zaidi ya miaka arobaini, Kiswahili chake bado ni cha Unguja kitupu, na Musandam hajawahi kuikanyaga. Simlaumu. Musandam ni kipande cha Oman kilichokatika na mwenzake: katikati pana ardhi ya Falme za Kiarabu. Ukienda kwa gari unatoka Oman, unaingia kwa jirani, unatoka kwa jirani, kisha unaingia tena Oman ileile uliyoiacha asubuhi. Pasipoti yangu ilipigwa mihuri kama barua iliyopotea njia.

Nilichofuata ni picha. Nilikuwa nimeona tangazo la kampuni moja ya utalii: maji ya kijani kibichi, majabali yamesimama wima pande zote mbili, na chombo cha mbao kikipita katikati. Chini yake imeandikwa "Norwei ya Uarabuni". Jina hilo utalikuta kila mahali ukishaanza kutafuta habari za Musandam. Limegandishwa kwenye vipeperushi, kwenye ubavu wa mabasi, hata kwenye fulana. Nimerudi nikiwa na ugomvi nalo, na ndio ulionifanya niandike.

Kwanza halina ukweli. Mabonde ya bahari ya Norwei yalichongwa na barafu, mito ya barafu iliyokuwa ikiteremka polepole na kukwangua miamba kwa maelfu ya miaka. Musandam haikuchongwa na barafu. Pale palikuwa na mabonde ya kawaida ya nchi kame, yaliyochimbwa na mafuriko ya mvua zinazonyesha kwa nadra na kwa hasira. Kisha nchi yenyewe ikaanza kuzama. Bamba la ardhi la Uarabuni linasukumana na lile la upande wa Iran na kuingia chini yake, na ncha ya Musandam, ikiwa mbele kabisa, inainama kama omo ya chombo kilichopakiwa vibaya. Bahari ikapanda mabondeni. Vilivyokuwa vilele vikawa visiwa, na njia za maji ya mvua zikawa njia za samaki.

Ukipanda Jebel Harim, mlima wa mita 2,087, dereva atakusimamishia gari akuonyeshe kombe na samaki waliogeuka mawe ndani ya mwamba. Majabali hayo yalizaliwa chini ya bahari, yakainuliwa mpaka kwenye mawingu, na sasa upande wa mbele unarudi majini. Tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wazee waliosema hivyo walikuwa wakisema habari za vyombo na watu, lakini nilipoishika ile kombe ya jiwe sikupata maneno mengine.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Waarabu wa pale huita bonde lililoingiwa na bahari *khor*. Sisi tunaita hori. Neno ni hilohilo, limevuka bahari zamani likakaa kwetu, ingawa vijana wa leo ukiwaambia hori watafikiria chombo cha kulishia ng'ombe. Mimi nimekulia Mombasa, na maji ya Tudor na ya Mtwapa ni mabonde ya mito yaliyozamishwa na bahari. Siku hizi tunayaita kriki, lakini hori ndiyo. Kwa hiyo Musandam, kwa namna ilivyofanyika, iko karibu zaidi na Mtwapa kuliko na Norwei. Tofauti ni kwamba Mtwapa ina mikoko, matope na mabaa, na Musandam imevuliwa nguo zote: jiwe, maji, jua. Hakuna hata kichaka cha kujificha.

Wageni hawakuanza jana kupabandika majina yao. Khor Sham, hori kubwa inayoingia ndani kiasi cha kilomita 16, Waingereza waliiita Elphinstone, jina la gavana wao wa Bombay. Mwaka 1864 walipokuwa wakitandaza waya wa simu za maandishi chini ya Ghuba ili Uhindi izungumze na London, waliutia nanga humo ndani, wakajenga kituo juu ya kisiwa kidogo ambacho wenyeji wanakiita Maqlab. Hakizidi ukubwa wa uwanja wa shule. Hawakukaa miaka mingi, wakafungasha. Zimebaki kuta za chini na ngazi za mawe, na watalii tunateremka pale kupiga picha na kuogelea. Kiongozi wetu alitusimulia kwamba wale mafundi wa simu walirukwa na akili kwa joto na upweke. Sijui kama ni kweli, lakini nilikuwa pale mwezi wa Januari, upepo mzuri, na bado baada ya nusu saa lile jiwe lilianza kunipikia nyayo.

Sasa nije kwenye vyombo, maana hapo ndipo nilipochekea na kukasirika kwa wakati mmoja.

Chombo kinachokupeleka horini ni cha mbao kweli, kimenakshiwa tezini, na kinapendeza kwa mbali. Ukipanda unakuta mazulia, mito ya kuegemea, birika la kahawa ya iliki, sinia la tende na tikiti. Mlingoti hauna tanga. Kinakwenda kwa mashine ya dizeli, na juu ya mashine kuna spika, na kwenye spika kuna muziki wa disko. Mabaharia ni vijana kutoka Bangladesh na Uhindi. Pomboo wakitokea, kila mtu anapiga makofi na miluzi, nahodha anakoleza moto, na pomboo, ambao nadhani wamelizoea zoezi, wanakimbizana na mkondo wa chombo. Niliwafurahia, sitadanganya. Nilipiga picha kumi na nne na zote ni za maji matupu.

Chombo chenyewe hasa nilikikuta nchi kavu. Khasab, mji mkuu wa Musandam, una ngome iliyojengwa na Wareno mwanzoni mwa karne ya 17, na mtu wa Mombasa akiiona ngome ya Mreno hashangai sana, anauliza tu bei ya kiingilio. Lakini uani mwa ngome kuna vyombo vya zamani vimewekwa, na kimojawapo kibao chake kimeandikwa *battil*. Nikasimama.

Sisi tuna neno betili. Limo kwenye kamusi: jahazi lenye omo ndefu na usukani mrefu. Nimelijua tangu shuleni, na sijawahi kukutana na mtu aliyewahi kuiona. Kwetu ni neno lililobaki bila mwili wake, kama jina la ukoo ambao watu wake wameisha. Sasa mwili ule ulikuwa mbele yangu. Omo inatoka mbele ikiwa bapa, tezi inapanda juu kupita kichwa cha mtu. Nikainama karibu na omo. Mwishoni mwa mbao hakuna misumari: zimeshonwa. Matundu yametobolewa kwa mpangilio, kamba imepita ndani na nje, imevutwa ikakazwa. Mbao za katikati zimepigiliwa, lakini kwenye ncha fundi amerudi kwenye sindano. Watu wa Lamu ambao mababu zao walishona mitepe wangeelewa bila kuelezwa. Zamani chombo hiki kilivishwa kombe za kauri na ngozi ya mbuzi, kikapambwa kama bibi harusi. Nilinusa mbao nikitafuta harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yanayompanda mtu puani Mji wa Kale. Hakuna. Imekauka kabisa.

Pembeni yake palikuwa na kingine, kibao kinasema *mashuwa*. Hapo nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akageuka.

Nikiwa bado na hamu hiyo nilimfuata mzee mmoja aliyekaa kivulini nje, mkononi ana *jirz*, kishoka kidogo chenye mpini mrefu ambacho wanaume wa milima ile hutembea nacho kama sisi tunavyotembea na bakora. Kwa Kiarabu changu cha madrasa nikamuuliza kama baba yake aliwahi kufika Mombasa kwa chombo. Nilikuwa nimeshatengeneza jibu kichwani, na machozi kidogo. Mzee akacheka. Baba yake alikuwa mvuvi, akasema, hakupita Bandar Abbas, ng'ambo ya pili kule Iran. Kwa nini aende Mombasa?

Nilistahili. Sisi watu wa pwani tukifika Oman tunatafuta babu kila kona. Waliokuwa wakija kwetu na kaskazi walikuwa zaidi watu wa Sur, bandari ya Oman, na majahazi yao ya ghanja, na Wakuwaiti na mabumu yao waliokuja kuchukua boriti. Betili za Musandam zilikuwa na kazi nyingine: kuvua, kupiga mbizi za lulu, kubeba tende na watu kutoka hori hadi hori. Neno ndilo lililotufikia, na nimeridhika nalo.

Hapo ndipo "Norwei" inapofanya dhambi yake ya tatu, kuwafuta watu. Ndani ya Khor Sham kuna vijiji, nyumba chache kila kimoja, hakuna barabara, mlima nyuma na maji mbele. Maji ya kunywa huletwa kwa boti. Watoto huenda Khasab kusoma. Chombo chetu kilipofika mbele ya kijiji kilipunguza mwendo, muziki ukiendelea, ili tupige picha. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo aligeuka akatupa mgongo, akaendelea kuanua, polepole, nguo moja moja. Nilishusha simu. Nilijiuliza ni mara ngapi kwa siku anapewa salamu ya namna ile.

Kumzar, kijiji cha mbele kabisa kinachotazama Mlango wa Hormuz, sikufika. Upepo ulikaza na nahodha akakataa. Huko watu wana lugha yao, Kikumzari, ambayo ina asili ya upande wa Uajemi na imebeba maneno mengi ya Kiarabu. Kuna wanaoiita mchanganyiko tu. Sisi tunaoambiwa kila siku kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichoharibika tunaijua hiyo hotuba, tunaweza kuwamalizia. Wakati wa kiangazi, joto likichacha na tende zikiiva, watu wa Kumzar huhamia Khasab, kisha hurudi kwao. Nitarudi kuwafuata, inshallah, na safari hiyo nitalala Khasab siku tano badala ya mbili.

Ukitaka kwenda, nenda kati ya Novemba na Machi. Chomboni usikae kwenye mito ya kuegemea, kaa omo. Asubuhi pita ufukweni unusie dagaa wanaoanikwa mchangani kwa ajili ya mifugo. Harufu ile haimo kwenye kipeperushi. Na muziki unaweza kuomba uzimwe. Mimi niliomba wakati wa kurudi, tulipokuwa wageni watatu tu. Yule kijana wa Bangladesh alimtazama nahodha, nahodha akainua mabega, spika ikanyamaza. Baada ya muda nahodha akazima na mashine pia, sijui kwa nini, labda alitaka kuvuta sigara kwa raha. Chombo kikaelea. Juu kabisa, mahali ambapo sikuona hata pa kukanyaga, mbuzi akalia, na mwingine akamjibu kutoka ng'ambo ya hori.

Nilimtumia shangazi ujumbe kwamba mbuzi wapo.