Namba 115 ya dharura za uzazi ni nzuri ila mtandao na mto je?
Hii habari niliyoisoma ya m-mama, ule mpango wa hapa Tanzania ambao ukipiga namba 115 mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura anatafutiwa usafiri wa kumfikisha hospitali, imenigusa, vifo vya akina mama kushuka toka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai laki moja (2015/16 mpaka 2022) sio kitu kidogo, hongereni sana. Ila jamani huku kwetu mtandao unashika juu ya kichuguu tu, mama anatoka damu saa nane usiku nani akakimbie huko kupiga simu? Mwaka juzi shemeji yangu tulimbeba kwa machela ya miti na vitenge, kadi ya kliniki tumeifunga kwenye nailoni isilowe, kufika mtoni maji yamejaa, gari la wagonjwa tunaliona ng'ambo linatuwashia taa, tukakaa pale mpaka kunakucha. Namshukuru Mungu wote wazima. Naomba wahudumu wa afya wa kijiji wajue kila mjamzito aliyekaribia, masika yakianza asogezwe mapema, na kituoni pawe na ile nyumba ya kusubiria kujifungua, wengine wanaita chigonela. Yetu ina kuta tu, bati bado.