Kujikubali ni Jambo Moja, Kujitangaza ni Jingine

"Mwalimu, nikishajijua kwamba mimi ni kuchu, ni lazima niwaambie watu, au inatosha nijue mwenyewe?" Aliyeniuliza swali hilo ni kijana wa miaka 26, fundi cherehani hapa Kampala, niliyewahi kumfundisha Kiswahili, kazi yake na umri wake nimevibadilisha kidogo ili asitambulike. Alikuwa akipiga pasi sare ya shule kwa pasi ya mkaa na hakuinua macho hata mara moja. Neno "kuchu", yaani mtu wa mapenzi ya jinsia moja, ndilo makuchu wenyewe wa Uganda wamejichagulia, na nilielewa kwa nini hakutafuta neno la Kiswahili. "Shoga" ni jina ambalo wanawake wa pwani huitana kwa mapenzi, lakini kwa mwanamume limegeuka tusi, na ni vigumu mtu kujitaja kwa neno ambalo tangu utotoni amelisikia likitumika kumfukuza mwingine.

Swali lake lina majibu mawili yanayoshindana, na yote mawili yana watu makini nyuma yake.

Jibu la kwanza ni la wale wanaosema mtu ajitokeze. Hoja yao ni kwamba asiyeonekana husemewa na wengine, na wanaomsemea mara nyingi hawamtakii mema. Mfano wao mkubwa ni David Kato, mwanaharakati wa Uganda aliyetetea haki za makuchu. Mwaka 2010 gazeti moja la Kampala lililojiita Rolling Stone, ambalo halikuwa na uhusiano wowote na jarida la Marekani lenye jina hilo, lilichapisha picha na majina ya watu lililodai ni mashoga, likiwa na wito kwamba wanyongwe. Kato na wenzake wawili walikwenda Mahakama Kuu kwa majina yao halisi, wakashinda, na mahakama ikatamka kwamba kuwaanika watu namna ile kunavunja utu wao na faragha yao. Hukumu hiyo isingepatikana kama kila mmoja angebaki ndani akisubiri mwenzake atangulie. Wiki chache baadaye, tarehe 26 Januari 2011, Kato aliuawa nyumbani kwake wilayani Mukono. Ndiyo maana wanaohimiza watu wajitokeze na wanaohimiza wanyamaze humtaja mtu huyo huyo mmoja, na sioni kama upande wowote unamsingizia.

Jibu la pili ni la tahadhari, na hapa sheria inastahili kusomwa kwa utulivu kuliko inavyosomwa mitaani. Muswada wa kupinga ushoga uliopitishwa na Bunge la Uganda tarehe 21 Machi 2023 ulifanya hata kujitambulisha kuwa kosa. Rais Museveni aliurudisha, na toleo lililopitishwa mwezi Mei, ambalo ndilo aliloliwekea saini, linaeleza kwamba mtu anayedhaniwa au kushukiwa kuwa shoga, bila kufanya tendo lenyewe, hajatenda kosa la ushoga. Kwa maandishi, basi, fundi wangu akimwambia mtu "mimi ni kuchu" hajavunja sheria. Lakini tendo lenyewe adhabu yake ni kifungo cha maisha, yako mazingira ambayo adhabu ni kifo, na kosa la kuhamasisha ushoga linaweza kumfunga mtu miaka 20. Nani ataamua kwamba maneno aliyomwambia rafiki yake wakinywa chai yalikuwa siri ya moyoni, si uhamasishaji? Ataamua mwenye nyumba, au mwenyekiti wa mtaa, au askari wa zamu usiku huo, na sidhani kama kuna hata mmoja kati yao atakayefungua kitabu cha sheria kwanza. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta baadhi ya vifungu, kikiwemo kile kilichomlazimisha mtu kuripoti polisi, ila sehemu kubwa ya sheria ikabaki palepale. Kwa hiyo dada wa kuchu halazimiki tena kisheria kumshtaki kaka yake, na hiyo ni nafuu ya kweli. Jirani aliyesikia ukutani naye halazimiki, lakini hakuna kinachomzuia.

Kuna wanaosema mjadala wote huu umeletwa na wazungu. Nitalipita haraka: kifungu cha Kanuni ya Adhabu kilichoharamisha matendo haya miaka mingi kabla ya 2023 tulikirithi kwa Waingereza, na simulizi za mashahidi wa Namugongo, Wakristo waliouawa mwaka 1886 kwa ajili ya imani yao, ambazo wamisionari wenyewe walizisambaza, zinadai kwamba miongoni mwa waliouawa walikuwemo vijana wa ikulu waliomkatalia Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alipowataka kimwili. Watu wa namna hii hawakushushwa na ndege Entebbe.

Hoja nzito zaidi ya upande wa tahadhari inatoka nyumbani. Mzazi wa Kiganda akiambiwa habari hii, hasikii utambulisho wa mtu mmoja. Anasikia kwamba hakutakuwa na siku ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, kwamba, kama ni binti, senga, yaani shangazi aliyepaswa kumfunda mambo ya ndoa, ataulizwa alikuwa wapi, na kwamba msikitini au kanisani watu watasogea pembeni anapopita. Maumivu hayo ni ya kweli hata kama chanzo chake ni maneno ya watu. Kijana amekaa na jambo lake miaka kumi akilipima usiku na mchana, kisha anamtaka mama yake alimeze kwa dakika kumi. Ninapowasikiliza wazazi, hilo ndilo lalamiko ninalolielewa kuliko yote, ingawa silikubali kuwa sababu ya kumfukuza mtoto.

Hata hivyo ukimya nao una mahali unapogeuka dhuluma. Mwanamume anayejijua, akasukumwa na ukoo hadi akaoa ili maneno yaishe, amemfanya mke wake alipie usalama wake bila kuulizwa. Siri ilikuwa yake mwenyewe mpaka siku ya ndoa. Hapo wanaosema "nyamaza tu, muda utapita" wanashindwa kunijibu. Vilevile mgonjwa asiyeweza kumweleza daktari ukweli hatibiwi ipasavyo. Mei 2023 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia Ukimwi, pamoja na wafadhili wakuu wa mapambano hayo, walionya kwamba sheria mpya inahatarisha mafanikio ya Uganda dhidi ya virusi vya Ukimwi, kwa kuwa hofu inawazuia watu kufika kliniki.

Nimepima na hapa ndipo ninaposimama. Kujikubali hakuhitaji shahidi, na hakupaswi kucheleweshwa hata siku moja. Mtu anaweza kuacha kujichukia leo, akiwa peke yake na mlango umefungwa. Kujitangaza ni uamuzi mwingine, unaofanywa upya kwa kila anayeambiwa, na mwenye kuufanya ni yule atakayelala kituo cha polisi mambo yakiharibika. Mwenye gazeti aliyeanika picha za watu mwaka 2010, na rafiki aliyeko Ulaya anayemwandikia kijana wa Kampala kwamba kunyamaza ni woga, nia zao ziko mbali kama mbingu na ardhi, ila wote wawili wanamnyang'anya mtu haki ya kuchagua saa yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Namheshimu zaidi Askofu mstaafu Christopher Senyonjo, ambaye vijana walimfuata kuomba ushauri, akawasikiliza bila kuwasukuma popote, na kanisa lake likamtenga kwa sababu hiyo.

Fundi wangu hatimaye alimwambia mtu mmoja, dada yake. Alimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo, akakaa, akachambua naye mpaka ungo ukakaribia kwisha ndipo akasema. Dada alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Usimwambie mama kabla ya Ramadhani kuisha. Na mimi nipe siku." Akampa. Mwezi uliandama, Idi ikapita, na mama bado hajaambiwa. Dada huja Jumamosi na nguo za wanawe za kurekebisha, hukaa kwenye benchi karibu na cherehani hadi kazi iishe, na hajawahi kumuuliza ni lini.