Bogenvilia zinaondoka kwenye kuta za Dodoma

Juzi nimeikuta bogenvilia ya jirani imelala barabarani, imekatwa shinani. Ilikuwa imefunika ukuta mzima kwa zambarau tangu nikiwa mtoto. Ukuta unapigwa ripu upya, kisha utawekwa waya wa umeme juu. Nimeumia kweli.

Najua si mmea wa kwetu. Kwao ni Amerika Kusini. Mfaransa Philibert Commerson aliukuta Brazili mwaka 1767, safarini na Bougainville, ukapewa jina la kiongozi wake huyo. Lakini Dodoma imeuzoea nao umeizoea. Mvua yetu haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, na ikikata ndiyo mpaka Novemba au Desemba. Bogenvilia inataka hivyo hivyo. Ukiimwagilia sana inakupa majani ya kijani matupu. Ikionja ukame ndipo inachanua. Na ile rangi yenyewe ni majani, ua ni kile kidogo cheupe katikati. Mwezi wa nane, mibuyu imepukutika na vumbi limetanda, kuta hizo ndizo zilizokuwa zinatuburudisha macho.

Haikuletwa mitaani na upepo wala ndege. Nyingi za bustanini hazizai mbegu kwa urahisi, kwa hiyo zilisambaa kwa kuombana. "Shikamoo mama, naomba kijiti." Unakatiwa tawi nene kama kidole, unalichomeka kwenye kopo, unasubiri. Yangu ilitoka kwa shangazi, mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma. Yeye aliomba mtaa wa Uzunguni.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, mji umejaa kuta ndefu na mageti yaliyofungwa. Utamwomba nani kijiti? Wengine wanabandika majani ya plastiki, jua letu linayapausha, yanaishia jalalani.

Wanaoikata wanasema ina miiba. Ni kweli, ndiyo inayojishikilia nayo. Lakini haing'ang'anii ukuta kwa mizizi kama ule mtini mdogo utambaao, ambao ukiubandua unaondoka na rangi na vipande vya ripu. Ikatie baada ya kuchanua, inatulia. Kuing'oa kwa sababu ya miiba ni kuionea.

Nimeokota matawi pale barabarani. Ninayo sita barazani kwenye makopo ya rangi, mawili yameshachipua. Wa mtaani kwetu anayetaka, abishe hodi.