Burkitt: taya lililovimba na kidole tumbo kilichojificha

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Wiki chache baadaye, huko Jinja, Burkitt akakutana na mtoto mwingine wa namna hiyohiyo. Alipompapasa tumbo, akagusa uvimbe humo pia.

Akaanza kuuliza. Alizipelekea hospitali za Afrika vikaratasi vyenye picha: mmewahi kuuona ugonjwa huu? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaendesha gari maili zipatazo 10,000, hospitali hadi hospitali. Ikaonekana kwamba uvimbe huo, ambao ni aina ya saratani, hufuata maeneo ya joto na mvua. Kisu hakikufua dafu, kwa kuwa uvimbe ule hukua kwa kasi ya ajabu. Dawa za saratani kama methotreksati ndizo zilizofaulu, na baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu. Mpasuaji kukubali kuweka kisu chini ni jambo ninalomheshimu nalo sana.

Baada ya kurudi Uingereza alilipeleka swali lilelile, ugonjwa upo wapi na haupo wapi, kwenye kidole tumbo. Mwaka 1971 aliandika kwamba ugonjwa wa kidole tumbo ni adimu vijijini Afrika kwa sababu watu hula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, choo kinakuwa laini, na tundu la kidole tumbo halizibwi. Hoja ina mashiko: wapasuaji wengi hukuta kweli kipande cha kinyesi kigumu kimeziba hapo. Lakini Uingereza yenyewe ugonjwa huo ulianza kupungua kabla watu hawajaongeza nyuzinyuzi, na wengine wakatafuta chanzo kwenye usafi na maambukizi ya utotoni.

Mimi naona tatizo lipo kwenye kuhesabu. Taya lililovimba halijifichi. Hata muuguzi wa zahanati akionyeshwa picha atalikumbuka. Kidole tumbo kilichooza hakijulikani kwa hakika mpaka tumbo lifunguliwe. Mgonjwa aliyeshikwa na maumivu upande wa kulia chini, akapewa dawa ya minyoo, akafia nyumbani siku ya nne kabla ya kupata gari, hayumo katika daftari la chumba cha upasuaji. Na daftari hilo ndilo Burkitt aliloliuliza.