Nunua mizani kabla ya mashine

Anayetaka kuanza kujaza risasi nyumbani, yaani kuyatia baruti upya maganda yaliyokwisha kupigwa, huuliza kwanza anunue mashine gani. Mashine yenyewe haina maajabu: unavuta mkono, chuma kinapanda, ganda linaingia kwenye kalibu (kile chuma chenye tundu la umbo la ganda), basi. Hata ya bei nafuu itakufaa miaka mingi. Kinachoweza kukutoa jicho ni baruti, na msimamizi wa baruti ni mizani. Kwa maoni yangu hela ya kwanza iende kwenye mizani na kitabu cha vipimo, halafu kinachobaki ndicho kitafute mashine.

Haya nayasema kwa Waswahili walioko Marekani, wanaowinda au kulenga shabaha mwisho wa wiki. Huko sheria ya shirikisho haimdai leseni mtu anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Ukianza kuwauzia majirani, hapo umeshakuwa mtengenezaji na unatakiwa uwe na leseni ya utengenezaji. Majimbo na miji mingine ina masharti yake juu ya hapo, yasome kwanza. Aliyeko Tanzania au Kenya asome kwa kujua tu, maana kwetu kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai. Na ile hoja ya kwamba babu alilishindilia gobore lake mwenyewe wala hakudhurika, iacheni. Gobore lilikula baruti nyeusi. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ina nguvu nyingi mno kwa ujazo uleule, na anayeipima kwa mazoea ya gobore atapasua mtutu.

Risasi ina vitu vinne: ganda, fataki, baruti na kichwa kinachoruka. (Fataki ninayoisema ni kile kikopo kidogo kinachogongwa na pini ya bunduki ili kiwashe baruti, siyo lile zee la kufuata wasichana kwenye matangazo ya zamani ya redio Tanzania.) Kati ya hivyo vinne, ganda la shaba nyeupe ndilo linalorudi mezani, na ndilo linalobeba sehemu kubwa ya gharama. Ndiyo maana watu hujaza upya. Ila usidanganyike kwamba utaweka akiba mwaka wa kwanza. Vifaa vitaimeza, na kwa kuwa kila risasi imekuwa rahisi kidogo, utapiga nyingi zaidi.

Si kila ganda linajazika. Limulike ndani kwa tochi. Ukiona tundu moja katikati ya kitako, ni la mtindo wa Boxer, na sindano ya kalibu itasukuma fataki iliyokwisha itoke. Ukiona matundu mawili madogo pembeni, ni Berdan. Ukilazimisha utavunja sindano. Cha kuchekesha, Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, lakini Wamarekani ndio wanaotumia mtindo wa Boxer.

Kwa mashine, chukua ya hatua moja: kalibu moja kwa wakati mmoja. Zile zinazozunguka na kutoa risasi kila unapovuta mkono ni nzuri kwa anayejua tayari kila hatua inavyohisi mkononi. Mgeni akizitumia, mambo manne yanatendeka kwa mkupuo na macho yake ni mawili.

Kazi yenyewe huanza kwenye ukaguzi. Tupa ganda lenye ufa mdomoni. Tupa pia lenye mstari unaong'aa kulizunguka, juu kidogo ya kitako. Hapo shaba imevutika na kuwa nyembamba, na siku moja kitako kitaachana na mwili ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Waya wa kubania karatasi, ukiukunja ncha na kuupitisha ndani, utakwama kwenye mfereji huo kabla jicho halijauona kwa nje. Lililopona lisafishe, lipake mafuta ya kalibu, kisha libane lirudi kwenye kipimo chake. Usipopaka mafuta, ganda la bunduki ndefu litanasa ndani ya kalibu na kulitoa ni kazi ya drili. Ukizidisha, mafuta yanakosa pa kwenda na yanabonyeza bega, pale ganda linapoanza kuwa jembamba kuelekea mdomoni, vishimo vinabaki.

Baada ya kubana pima urefu kwa vernia, maana shaba hurefuka. Ganda la .308 Winchester, risasi ya bunduki ndefu, mwisho wake ni milimita 51.18, na hukatwa kurudi 50.93. Likizidi, mdomo unabanwa mwishoni mwa chemba, unakikaba kichwa cha risasi, na shinikizo linapanda ingawa baruti ni ileile. Ukishakata, kwangua makali ya mdomo ndani na nje. Halafu weka fataki, ikae chini kidogo ya uso wa kitako. Pitisha kidole, ukihisi uvimbe isukume tena. Iliyochomoza huzuia silinda ya bastola kuzunguka, na kwenye bunduki inayojipakia yenyewe inaweza kulipuka kabla hujavuta kifyatulio.

Sasa baruti, na hapa msiwe na haraka.

Kitabu kinakupa kipimo cha kuanzia na kipimo cha juu kwa aina ile ya baruti, uzito ule wa kichwa, ganda lile na fataki ile. Ukibadilisha kimojawapo, unarudi kwenye kipimo cha kuanzia. Usichukue kipimo cha rafiki, kwa kuwa bunduki yake siyo yako. Na soma jina la baruti lote mpaka mwisho: H4350 na IMR 4350 zina namba moja, lakini ni baruti mbili tofauti, kila moja na kipimo chake. Mezani liwepo kopo moja tu. Ukimaliza, iliyobaki kwenye kipimio (chombo cha kumiminia baruti) irudi kwenye kopo hilohilo kabla hujasimama. Baruti iliyosahaulika kwenye kipimio usiku kucha, na huna hakika ni ipi, haina tena kazi.

Vipimo vyote viko kwa greni. Gramu moja ni greni 15.43, na pauni moja ni greni 7,000. Mizani nyingi za kidijitali zina kitufe kimoja cha kubadili kati ya gramu na greni, nacho hubonyezeka kwa bahati mbaya. Tazama herufi zilizo pembeni ya namba kila unapoiwasha. Iache ipate joto kwanza, zima feni, na ijaribu kwa jiwe la uzito unaojulikana kabla ya kuanza na kila baada ya muda. Sifuri ikihama, simama.

Ajali mbili ndizo zinazopasua mitutu ya wanaojaza nyumbani, na zinatokana na kosa moja la kupotea hesabu. Ya kwanza ni ganda lililojazwa mara mbili. .38 Special, risasi ya bastola, ilianza mwaka 1898, zama za baruti nyeusi, hivyo ganda lake lina nafasi kubwa. Baruti ya kisasa inakaa chini kabisa, na ukimimina mara ya pili bado haifuriki. Ya pili ni ganda lililorukwa. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa mpaka kikwame katikati ya mtutu. Unasikia mlio hafifu, kama kofi dogo. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unafura au unapasuka. Mlio ukiwa mdogo, acha kupiga, toa risasi zote, angalia mtutu.

Dawa ya zote mbili ni ubao wa matundu na tochi. Maganda yasiyo na baruti yakae kichwa chini. Geuza moja, mimina, lipange kwenye ubao. Hamsini yakitimia, mulika yote kwa mkupuo kabla ya kuweka kichwa hata kimoja: jicho litaliona lililo juu au chini ya wenzake. Kupima uzito wa risasi iliyokwisha hakusaidii sana, kwa sababu maganda yenyewe hupishana kwa greni kadhaa, na kwenye bastola tofauti hiyo inaweza kuizidi baruti yote.

Ukianza kupiga, anza na za kipimo cha chini, ukipanda kidogo kidogo. Fataki iliyolalia bapa, ganda linalogoma kutoka, au alama inayong'aa kwenye kitako, zote zinasema rudi nyuma. Lakini dalili hizo huchelewa, shinikizo likiwa limeshazidi, kwa hiyo kutoziona siyo ruhusa ya kuvuka kipimo cha juu.

Nyumbani, baruti na fataki zikae kwenye vifungashio vyake vya kiwandani, mbali na moto na watoto. Kiwango cha usalama wa moto wanachofuata Marekani ni pauni 20 za baruti katika makazi, zikizidi zinataka kabati la mbao nene; fataki zisizidi 10,000. Fataki zina risasi, ile madini yenyewe, na vumbi la kusafishia maganda limejaa hiyo. Mashine ya kusafishia ikae nje au gereji, usile mezani, na nawa kabla ya kumbeba mtoto.

Na risasi yoyote unayoitilia shaka, ing'oe kichwa kwa ile nyundo ya plastiki ya kung'olea, tena ununue nyundo hiyo siku moja na mizani. Mtu asiye na nyundo hushawishika kuipiga tu aone.