Ziara ya Mombasa Ianzie Jikoni, Si Ngomeni

Nimekaa Mombasa miaka tisa, navuka feri ya Likoni asubuhi na jioni, na Mji wa Kale nilikuwa nikiupita tu nikienda shughuli zangu. Mara ya kwanza kuuzungukia na kiongozi wa watalii ni pale ndugu zangu waliponitembelea kutoka bara. Kiongozi alituanzishia pale Fort Jesus: 1498 Vasco da Gama akafika, 1593 Wareno wakaanza kujenga ngome, 1698 Waomani wakaiteka, kisha Waingereza wakaifanya jela. Saa mbili nzima. Tulitoka tukiwajua wote waliokigombania kisiwa hiki, ila wenyewe waliokuwemo hatukuambiwa hata jina lao. Yaani ungedhani kilikuwa kitupu, kinangoja meli.

Mwezi uliopita nikajaribu tena, safari hii kiongozi akiwa binti aliyezaliwa Kibokoni, humo humo Mji wa Kale. Alitupa sharti moja: tusinywe chai nyumbani. Ngome tukaipa mgongo, tukaingia kichochoroni, akapiga hodi kwa mama yake mdogo.

Mama alikuwa amekalia mbuzi, kile kibao cha kukunia nazi, anakuna. Hakusimama kutupokea, alitukaribisha kwa kichwa tu, mikono ikiendelea na kazi. Nazi iliyokunwa ikaingia kifumbuni, kile kichujio cha kusuka, akakamua tui la kwanza, zito, akaliweka kando. Akaongeza maji, akakamua la pili. Mbaazi zilikuwa zimeshaiva. Zikachemka kwanza na tui jepesi, lile zito likaingia mwisho kabisa, moto ukiwa umepunguzwa. "Ukilitia mapema litakatika, mwanangu," akaniambia, maana nilikuwa nimesimama karibu mno na sufuria.

Kisha mahamri. Unga ulishaumuka, una harufu ya hiliki. Akausukuma, akakata pembe tatu, akazitumbukiza kwenye mafuta huku akizimwagia mafuta ya moto juu kwa kijiko. Hapo ndipo hamri linapofura: upande mmoja unanyanyuka, halafu lote linajaa hewa kama mto. Alipolipasua, ndani palikuwa patupu, panatoa mvuke. Ukalijaza mbaazi, ukala.

Katika mazungumzo yao nikasikia "mtele" na "mtuzi", si mchele na mchuzi. Binti akatueleza kwamba hicho ndicho Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, alichotungia mashairi Muyaka bin Haji, malenga wa mji huu wa zamani, na kwamba mkutano wa 1928 ulioamua Kiswahili cha vitabuni kifuate Kiunguja ulifanyika papa hapa Mombasa. Nikakumbuka kibao cha Ndia Kuu. Miaka tisa nakisoma nikidhani ni jina tu la mtaa, kumbe ni "njia kuu" kwa kauli ya wenyeji.

Ndipo binti akatuambia yeye ni Mkilindini, na akatuhesabia Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa: Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, halafu Tisa Taifa, ambao Wamvita ni miongoni mwao. Hawa wapo leo, wanaoa na kuzika, na wengine ndio waliotuuzia kahawa chungu na kashata baadaye njiani.

Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika hapa 1331, miaka 167 kabla ya Wareno. Aliyoyaandika ni machache: misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, watu wacha Mungu, chakula chao kikubwa ndizi na samaki. Tazama basi, habari za Mombasa za kale namna hiyo, na chakula kimo. Sasa kwa nini sisi tuanze na mizinga?

Huwa nasikia watu wakisema chakula cha Mswahili ni cha kuazima: biriani na chapati za Kihindi, haluwa ya Kiarabu. Sikubaliani kabisa. Muhogo na pilipili asili yake ni Amerika, vyote viwili vililetwa na meli, na hakuna anayemwambia mtu wa bara kwamba muhogo wake si wake. Kilichopita katika tui la mama yule miaka na miaka ni cha Mombasa.

Ninalolitaka kwa waendesha ziara ni hili. Kiongozi awe mtu wa mji, au atembee na mtu wa mji. Mama anayepika alipwe kwa kila mgeni, bei ijulikane tangu mwanzo, asiachiwe bahashishi mlangoni. Na wageni wafundishwe salamu kabla ya kutoa kamera. Nimeona watu wakipigwa picha barazani kwao kama vile ni sehemu ya mlango wa nakshi.

Ngome tuliifikia alasiri, tumeshiba. Shule zikifungwa nawaleta wanangu. Mkubwa ameshaniuliza kama ataruhusiwa kukalia mbuzi, nami nimempigia binti simu kuuliza.