Kabla ya Bach, bembelezo

Jumamosi moja mwanafunzi wangu wa miaka 9 alikuwa akipiga ile minueti ya G, kipande kifupi cha mtindo wa dansi ya kale ya Ulaya, ambacho karibu kila mtoto wa piano hapa Nairobi hukipitia. Nikamwambia kwamba kwa miaka mingi watu waliamini imetungwa na Johann Sebastian Bach, kumbe mtunzi ni Christian Petzold. Ilikuwa imenakiliwa katika daftari la muziki la Anna Magdalena, mkewe Bach, la mwaka 1725. Mtoto akaondoa mikono kwenye piano. "Mwalimu, kwa hivyo Petzold aliibiwa?" Tuliongea dakika kumi nzima. Alipoirudia minueti, aliipiga polepole, akijisikiliza.

Wazazi huniuliza kuna haja gani ya kumjaza mtoto habari za Wajerumani waliokufa zamani. Swali hilo silidharau. Mara nyingi historia hii hufundishwa kana kwamba muziki mwingine hauna historia. Mtoto atakwambia Mozart alifariki mwaka 1791 akiwa na miaka 35, lakini hajui nyatiti, ala ya Waluo, ina nyuzi nane. Mitihani ya gredi za muziki inayotungwa London nayo inavuta huko huko: mzazi amelipa, na mwalimu anafundisha kitakachoulizwa.

Linaloniuma zaidi ni suala la majina. Historia ya watunzi imejengwa juu ya karatasi: aliyeandika nota na kuweka jina lake ndiye anayekumbukwa. Nyimbo zetu nyingi zilipokezwa kwa mdomo, kinywa hadi sikio, na majina ya waliozianzisha yakapotea njiani. Ukimpa mtoto orodha ya majina na miaka peke yake, ataondoka akiamini kwao hakukuwa na watunzi.

Hata hivyo, siwezi kukubali kwamba Bach na wenzake waachwe. Muziki huo umeshaingia nyumbani. Krismasi ikikaribia, kwaya za makanisa yetu hufanya mazoezi ya "Haleluya" ya Handel kwa solfa (do, re, mi), na wengi wanaoiimba hawajawahi kuambiwa kwamba kazi hiyo, iliyotungwa mwaka 1741, iliimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka uliofuata, na mapato yakasaidia kuwatoa gerezani watu waliofungwa kwa madeni. Huko Korogocho, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, watoto wa mradi wa muziki wa Ghetto Classics wamekuwa wakipiga muziki wa okestra tangu mwaka 2008. Nani atamwambia mmoja wao kwamba fidla anayoishika si yake? Halafu historia yenyewe si ya Wazungu watupu. George Bridgetower, ambaye baba yake alikuwa mtu mweusi, ndiye aliyepiga fidla Vienna mwaka 1803 Beethoven akiwa kwenye piano, katika sonata ambayo leo ina jina la mtu mwingine, Kreutzer. Mwanafunzi wangu angeuliza tena nani kaibiwa.

Kwa hiyo mimi nawabakiza watunzi, ila nabadilisha mpangilio. Naanza na wimbo wetu wa taifa. Sauti yake ilitoka katika bembelezo la Wapokomo, na mwaka 1963 jopo lililokuwa na Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi likautengeneza kuwa wimbo wa taifa. Nawaimbisha watoto sauti ya kwanza peke yake, kisha naongeza sauti za chini yake, alto, teno na besi, kwenye piano, nawauliza: kimeongezeka nini? Hapo Bach anaingia bila kusukumwa, maana sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa hiyo hiyo. Alichukua nyimbo za kanisa ambazo waumini walikuwa wakiziimba tayari, akazipangia sauti nne. Mtoto aliyesikia besi ikiingia chini ya bembelezo haoni ajabu mtu kufanya kazi hiyo maisha yake yote.

Njia hii inakula muda, na somo langu ni nusu saa tu kwa wiki. Kuna wiki ambazo mazoezi ya vidole yanaumia, na mzazi ana haki ya kulalamika mtihani ukikaribia.

Wiki iliyopita yule mtoto wa minueti alikuja na bembelezo la nyanya yake, mistari miwili, alilorekodi kwa simu. Tumeshaliandika kwa nota. Aliyelitunga, nyanya mwenyewe hamjui, kwa hiyo juu ya karatasi tumeandika jina la kijiji. Besi bado inatusumbua.